Mkono Kifuani

6 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa kuwa najua ya kwanza hukuisikia. Sisi huku wazima. Baba yake Kasuku bado yuko na lori lake, wiki nzima njiani, na akirudi analala kama gogo mpaka tunamruka ukumbini. Mwanangu Kasuku mwenyewe ameng'oka jino la mbele lakini haachi kuimba, sasa kila neno linatoka na mluzi. Mimi shuleni wamenipa kwaya ya darasa la nne. Watoto wamejaa hadi dirishani, na wote wanadhani kuimba ni kushindana nani atapasuka kwanza.

Haya, sasa nisikilize, na unisamehe kwa neno hilo. Watu wa kamati ya uwanja walinijia shuleni. Mwishoni mwa Aprili wanataka kusherehekea miaka ishirini na mitano ya "Kiti Kimebaki". Uwanja mzima, Mjomba, na magitaa ya umeme mpaka nyasi zitetemeke. Wewe umejificha huko na vinanda vyako vibovu, hujui wimbo wako umefika wapi. Hakuna msiba unaopita bila huo wimbo. Ukipigwa redioni mchana, kinyozi anazima mashine, fundi cherehani anainua mguu, na kikifika kile kimya cha ubeti wa pili kila mtu anaweka mkono kifuani na hakohoi mtu. Jirani yangu alitaka kumwacha mumewe kwa sababu alijikuna pua katikati ya kimya. Si utani, walisuluhishwa na wazee.

Wanachotaka kamati ni hiki. Mama aliimba nusu ya ubeti wa pili, kisha akanyamaza, wewe ukaja kumalizia wimbo peke yako. Wanasema mama alikuwa bingwa, alijua kimya kinaliza watu kuliko sauti. Sasa baada ya miaka yote hiyo wanataka nafasi hiyo ijazwe, na ajaze mwanawe. Nilikubali kabla hawajamaliza soda zao.

Wewe unajua, Mjomba. Mama alipokufa kwa homa mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Sina hata sura yake kichwani. Nusu ile ya ubeti ndiyo mama ninayemjua. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili: baraka zako, na maneno, kama yalikuwepo maneno ambayo hakuyaimba.

Kasuku anasema umletee gitaa lisilo na nyuzi ili asisumbue watu. Wazo ni la baba yake.

Mpwa wako,
Mwalimu


27 Februari

Mwalimu wangu,

Marahaba, nimeipata kwa macho. Mie sijambo, ila masikio yamefunga duka kabisa. Juzi mteja alikuwa ananigombeza kwa sababu nimechelewesha gitaa lake, nami nikawa naitikia "asante, asante, karibu tena". Kila mtu na malipo yake: tulisimama mbele ya vipaza sauti vikubwa kama makabati, tukijiona wanaume.

Karakana haina neno. Nina gundi mpya inayoshika vidole kuliko mbao. Mvua imeingia kwenye paa upande wa kitanda, nimehamishia kitanda upande wa kazi, kwa hiyo sasa nalala na magitaa sita na hakuna hata moja linalokoroma.

Mwambie Kasuku gitaa lipo, na nyuzi nitaweka, baba yake apende asipende. Anafanana na mama yako kwa hilo la kutonyamaza. Tulipokuwa wadogo chumba chetu kiligawanywa kwa pazia, mimi huku, yeye kule. Taa ikizimwa mimi niliogopa, lakini sikuthubutu kusema. Yeye alijua. Alikuwa anauliza, "Upo?" Nami najibu, "Nipo." Basi, usingizi unakuja. Kuna usiku aliuliza hata mara kumi, mpaka baba akagonga ukuta.

Kuhusu uwanja, usiende. Wimbo huo umeimbwa wa kutosha. Kimya kile kiache kama kilivyo, hakimdai mtu. Maneno hayakuwepo.

Mvua huko imeanza?

Mjomba wako,
Kiziwi


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imeanza.

Sasa niseme, maana nisiposema nitapasuka. Nimekuomba baraka, ukaniletea gundi na paa. Mimi si mtoto wa kunyamazishwa na hadithi ya pazia, ingawa nimeisoma mara tatu na kulia mara mbili. Kama maneno hayakuwepo, kwa nini ubeti wa kwanza una mistari minne na wa pili una miwili? Nafundisha muziki, Mjomba, kuhesabu mistari ndiyo kazi yangu. Ama hutaki mtu mwingine aguse wimbo wako? Sema tu. Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo nalielewa. Lakini mama si wako peke yako.

Nimewaambia kamati nitaimba. Nisipopata maneno nitatunga. Mazoezi tumeanza, na mpiga ngoma wao anapiga kana kwamba anafukuza mwizi.

Nikuchekeshe kidogo basi, nisimalize kwa hasira. Jumatatu nilikuwa nafundisha kwaya huo huo wimbo wako. Darasani joto, sikuwa nimekula. Nikapanda sauti ya juu kuwaonyesha, mara moyo ukaanza kupapatika, macho yakajaa giza. Nikaweka mkono kifuani nikaegemea ubao. Unajua watoto walifanya nini? Wote walisimama wakaweka mikono vifuani! Walidhani tumefika kwenye kimya. Mwalimu wa darasa la jirani akachungulia, naye akaweka mkono kifuani, heshima tupu. Mimi nateleza chini kwenye vumbi la chaki na hakuna hata mmoja anayesogea. Nilipozinduka bado walikuwa wamesimama vilevile, kimya. Kiranja akanipongeza: "Mwalimu, leo umefanya vizuri sana."

Nimecheka siku mbili. Ni njaa tu. Sasa nakunywa uji kabla ya kipindi.

Nasubiri maneno.

Mpwa wako


SIMU YA MAANDISHI, 20 Machi

USIIMBE. USIKIMBIE. USIBEBE MAJI. NENDA HOSPITALI WAKUPIME MOYO. SI NJAA. BARUA INAKUJA. MJOMBA


20 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu. Nimetoka posta kupeleka simu, nikarudi hapa, nimekaa juu ya boksi la gitaa nakuandikia. Naogopa. Niliogopa tangu barua yako ya kwanza, lakini ilikuwa hofu isiyo na jina, ya mtu asiyetaka kusikia jambo fulani likitajwa. Sasa ina jina na imeniandikia kwa mwandiko wako.

Mama yako hakufa kwa homa.

Tulikuwa kwenye chumba cha kurekodia, kile cha magodoro ukutani. Wimbo tulimtungia baba yetu, babu yako, aliyeanguka akisukuma gari la jirani lililokwama matopeni. Baba alikuwa mtu wa mizaha. Alipojishika kifua na kukaa chini kwenye tope, sote tulicheka. Nakumbuka kicheko changu mwenyewe kuliko ninavyoikumbuka sauti yake.

Basi tunarekodi. Mimi kwenye gitaa, fundi mitambo nyuma ya kioo, mama yako mbele ya maikrofoni. Ubeti wa kwanza wangu, wa pili wake. Akaimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili, akapanda juu kule ambako hakuna mwingine aliyefika. Kisha akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akaegemea godoro. Nikajua anavuta hisia. Nilimwangalia, Mwalimu, nikajivuna. Nilijiambia, tazama dada yangu anavyomlilia baba. Fundi akaninyooshea dole gumba nyuma ya kioo. Mkanda unazunguka. Tunangoja. Hatukutaka hata kupumua tusije tukamharibia.

Alikuwa anakufa.

Kile kimya ndicho hicho. Si ufundi wala si ubingwa. Kile ambacho nchi nzima inasimama na kukiheshimu ni dada yangu akifa na sisi tukimpigia saluti.

Baada ya maziko fundi aliniita, akasema mkanda upo, nije nimalizie wimbo au autupe. Nikamalizia. Akauliza, "Nikate hapa katikati?" Nikamwambia asikate. Ndani ya kimya kile, mahali fulani, dada yangu bado alikuwa hai. Ningekata wapi? Nani angenionyesha pale alipoishia?

Mara ya kwanza nilipouimba mbele ya watu, nilifika pale nikaweka mkono kifuani bila kujua, kama alivyoweka yeye. Waliokuwa mbele wakaniiga, wa nyuma wakawaiga wa mbele, na mpaka leo hawajaacha. Bibi yako hakutaka ukue ukijua kwamba mama yako anakufa redioni kila mchana. Akasema homa, na sisi sote tukaitikia homa. Madaktari wa siku zile hawakutuambia kitu. Walisema ameitwa.

Lakini sasa babu, mama, na wewe kwenye vumbi la chaki. Huo si uchovu wa njaa, huo ni ukoo. Na kila mara kuna watu wamesimama pembeni wakidhani wanajua wanachokitazama.

Fikiria uwanja. Fikiria umepanda sauti ile, moyo umepapatika, ukaweka mkono kifuani. Uwanja mzima utasimama kwa heshima. Hakuna atakayekuja. Watakungoja mpaka uishe.

Usiimbe. Nakupigia magoti kwenye karatasi.

Mjomba wako


18 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu. Salamu kwa baba yake Kasuku, salamu kwa Kasuku. Kama barua yangu imekuudhi niandikie matusi, lakini niandikie.

Kila siku naenda posta. Yule dada wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika, kunipunguzia hatua. Gitaa la Kasuku nimelimaliza, lina nyuzi zote, limelala hapa miguuni pangu. Kazi nyingine siwezi. Mikono inakata pasipotakiwa.

Redio sisikii, unajua. Kwa hiyo nashinda kwa kinyozi. Wimbo ukipigwa nauona. Mashine inazimwa, watu wanasimama, mikono inakwenda vifuani. Nami nabaki nimekaa nawatazama midomo yao ilivyofungwa, na natamani niwapige makofi wote, niwaambie kimbieni, mnangoja nini, kimbieni.

Jana nilimwandikia kinyozi kwenye karatasi: "Wametangaza nani ataimba uwanjani?" Akaandika chini yake: "Binti wa marehemu. Nchi nzima inangoja."

Niliinuka nikaenda stendi moja kwa moja.

Nimeulizia basi. Daraja limekatwa na mvua, hakuna basi mpaka likarabatiwe. Uwanja ni Jumamosi ijayo. Sijui hata kama unaisoma hii. Hata nikiita hapa nilipo, nani ataniitikia, na akiitika nitasikiaje?

Mjomba


9 Mei

Kwako Mjomba wangu,

Shikamoo. Nipo. Naanza na hilo, mengine yafuate.

Barua yako ya Machi niliisoma jikoni nikaitia kwenye debe la mchele, nikafunika. Sikukuamini. Niseme kweli, sikutaka kukuamini. Ulikuwa umenichukulia mama niliyekuwa naye, ile sauti, ukaniletea mwanamke anayekufa. Siku nyingi sikuweza kukuandikia hata neno moja. Nikaendelea na mazoezi, kwa ukaidi. Nilikuwa naimba huku nimekaa, polepole, najidanganya kwamba hiyo ndiyo tahadhari.

Aliyenipeleka hospitali ni Kasuku. Alikuwa sebuleni anaimba peke yake, mimi nachambua mchele wa debe lile lile. Akapanda sauti ya juu, akakatika. Nikageuka. Amesimama, macho amefumba, mkono kifuani. Mjomba, nilipiga yowe ambalo jirani alilisikia. Nilimrukia nikamtikisa mpaka jino jipya likatikisika. Akaniangalia, akaanza kulia: "Mama, si ndipo kwenye kimya?"

Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye foleni, mimi na yeye.

Umepatia. Ni moyo wa ukoo. Daktari, mama mmoja mkali asiyecheka, alichora mapigo yangu kwenye karatasi ndefu. Akasema moyo wangu unaruka mapigo, na siku moja ungeruka usirudi. Wamenipasua kidogo chini ya bega, wakapandikiza kidude kidogo kama kiberiti chenye waya hadi moyoni. Ukizembea, kinaukumbusha. Nikilala kwa ubavu wa kushoto nakigusa. Naogopa kukigusa na naogopa kutokigusa. Kuimba juu, basi. Kubeba maji ni kazi ya baba yake Kasuku; sasa haendi safari ndefu, anachota maji na kulalamika.

Kasuku hawajaona kitu. Watampima kila mwaka mpaka akue. Hilo "hawajaona" ndilo ninalolala nalo.

Sasa uwanja. Nilitoka wodini siku mbili kabla. Nilikwenda, Mjomba, lakini si kuimba. Nilipanda jukwaani na bandeji, nikaishika maikrofoni. Nikawaambia. Si yote, mengine ni yetu. Niliwaambia mama yangu hakunyamaza kwa kupenda, kwamba alikuwa anaumwa na waliokuwa karibu naye kwa mapenzi yao hawakujua. Nikawaambia nami juzi nilianguka mbele ya watoto arobaini wakaniheshimu mpaka sakafuni. Kuna waliocheka, kisha wakaacha. Nikawaomba leo wasiweke mkono kifuani pao. Kikifika kile kimya, kila mtu amshike aliye kando yake, amuulize kama mama yangu alivyokuwa akikuuliza nyuma ya pazia.

Magitaa yakaanza. Ubeti wa kwanza akaimba kijana mmoja mwenye nywele nyingi. Wa pili wakapiga mkanda, sauti ya mama yenyewe, mstari wa kwanza, wa pili, kule juu. Halafu kikaja. Kwanza hakuna kitu. Nilidhani nimejiaibisha mbele ya nchi. Kisha pale chini mzee mmoja akamgeukia mkewe, nikamwona. "Upo?" Na mwingine. Na mwingine. Uwanja mzima ukaanza kunong'ona, Mjomba, "Upo? Nipo. Upo? Nipo," mpaka ikawa kama mvua kwenye bati. Kulikuwa na mama mmoja hakuwa na mtu kando yake, akawa anauliza hewani. Watu walimfikia wanne kwa pamoja.

Wanasema sasa hata misibani wameanza. Wazee wengine wamekasirika, wanadai nimeharibu wimbo. Waache.

Lakini wewe umejisahau kwenye hesabu. Babu, mama, mimi. Daktari ameandika kwa wino mwekundu: ndugu wote wa damu. Wewe una miaka mingapi hujapanda kitanda cha hospitali? Usiniletee habari za gundi. Daraja limekarabatiwa, niliuliza. Umekaa miaka yote hiyo unanihofia mimi na hujajihofia mwenyewe, ama umejihofia sana ukakaa kimya. Nakujua. Wewe ni yule wa nyuma ya pazia aliyeogopa giza asiseme.

Basi nauliza mimi, kwa niaba yake.

Upo?

Mpwa wako,
Mwalimu


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na kwa zile zote nisizozisikia, marahaba. Barua yako niliisomea palepale posta. Yule dada wa dirishani alitoka nje akanishikilia mkono, wenye foleni wakangoja, hakuna aliyegomba.

Nimekwenda. Niliahirisha mara mbili: mara paa, mara gundi, ulivyosema. Mara ya tatu kinyozi alifunga duka akanisindikiza, maana alisema uso wangu ni wa mtu anayetafuta njia ya kutorokea.

Wamenilaza kwenye kitanda chembamba, wakanibandika waya kila mahali kama gitaa. Muuguzi alikuwa msichana tu. Alikuwa anasema kitu, sisikii. Akarudia, sisikii. Mwishoni akaona bora anionyeshe: tulia, usipumue. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani.

Nikamshika ule mkono. Nilimshika kwa nguvu mpaka akaruka. Nilidhani, hapana, sikudhani chochote, mkono ulikwenda wenyewe. Safari hii ulikwenda. Kinyozi ilibidi amweleze kwamba mzee si mkorofi.

Daktari aliniandikia jibu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akidhani na macho yamefunga duka. "MOYO WAKO MZIMA." Nikaisoma nikalia kwa uchungu, nisikufiche. Kwa baba yetu, kwa dada, kwako, ugonjwa umegonga kila mlango, wangu ukaupita. Sijui nilirukwa vipi. Kinyozi anasema nishukuru, na nitashukuru, lakini kwanza niache nilie.

Yale maneno ya mistari miwili yalikuwepo. Sitayaandika. Nakuja nayo Jumapili, na gitaa la Kasuku, nikuambie kwa mdomo wangu, polepole, tukiwa tumekaa. Mwambie baba yake ajiandae, nyuzi zote zimo.

Ulichoniuliza nilikisoma kisha nikakijibu kwa sauti, mle mle posta. Sikujisikia. Ila watu wote wa foleni waligeuka, kwa hiyo najua nilisema.

Nipo.